Mzee Pauni Akabidhi Boila Akiwa Salama Salimini

Tarehe 30 Juni, Mzee Pauni anastaafu baada ya kuendesha boila ya hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Anaondoka kwa miguu yake mwenyewe, na sote tunashusha pumzi, maana mwaka jana tulidhani isingekuwa hivyo.

Alianza kwa kusukuma mikokoteni ya mashuka, akahamia chumba cha boila kwa kumsumbua fundi wa zamani na maswali. Mitambo yetu imetoka huku na huko: geji ya boila inasoma presha kwa pauni kwa inchi ya mraba, ya mashine za kufulia bar, ya kuchemshia vyombo vya upasuaji kilopaskali. Tulichanganyikiwa. Yeye, kikombe cha chai mkononi, alikueleza kwamba bar moja ni pauni kumi na nne na nusu, au kilopaskali mia, kisha akakubana umwambie bar tatu ni ngapi. Leo hata wafuaji wanajibu bila kufikiri. Zamu zake zote, hakuna bomba lililopasuka.

Tabu yake ilikuwa kubadili kila kitu kuwa pauni. Mwaka jana alipopimwa presha ya damu akaambiwa mia na themanini, aliuliza mia na themanini za nini. Milimita za zebaki, muuguzi akamjibu. Mzee akapiga hesabu kichwani, akapata pauni tatu na nusu, akacheka hadi akakohoa: hata tairi la baiskeli linabeba mara kumi ya hizo! Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Dawa akazitia kwenye sanduku la spana, na mkewe aliyemsihi azimeze akaambiwa asibabaishwe na pauni tatu.

Haukupita muda, akaanguka kwa kiharusi kando ya boila, mdomo umepinda. Tulimkimbiza wodini kwa mkokoteni wa mashuka, roho mkononi. Mkewe alimuuguza bila kumlaumu hata kwa neno moja, na Mzee anasema hilo lilimuuma kuliko sindano.

Muuguzi yuleyule ndiye aliyemweka sawa. Alimweleza kwamba kila chombo kina mstari wake mwekundu ambao presha haipaswi kuuvuka, na mishipa ya damu si chuma. Lugha hiyo aliielewa mara moja. Sasa anameza dawa kabla ya chai, na anatuhimiza wote twende kliniki, tupende tusipende.

Wiki iliyopita alipimwa tena: mia na ishirini na nane. Tukasubiri atupe pauni zake. Hakuzitaja. Alimpigia mkewe simu palepale, akamsomea namba kama ilivyo, na upande wa pili mama akalia kwa furaha.

Asante kwa kazi, Mzee wetu. Uwe na siku njema, tena nyingi. Nenda nyumbani, mama amekungoja vya kutosha.