Rais Katimiza Sabini na Mbili

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu, katikati ya mashine ya kusaga na posta iliyofungwa. Mimi natengeneza redio, wananiita Waya. Balozi ni mpakia magunia hapo mashineni. Kapewa jina hilo kwa kuwa anajua siri za nchi zote, ingawa hata hii yake hajaimaliza kuizunguka. Sumaku ananunua vyuma chakavu. Wa nne ni Mwalimu, mzee wa miaka sabini na minane, mstaafu, aliyekaa dawati moja na Rais utotoni. Habari hiyo ametusimulia mpaka akiruka kipande tunamkumbusha. Asubuhi ile hakuwa na hamu ya kusimulia kitu. Binti yake, naye ni mwalimu, alichukuliwa shuleni Jumanne, na hiyo ilikuwa Ijumaa. Alikuja kukaa nasi kwa sababu kule nyumbani mkewe hanyamazi kulia. Sisi, kwa ujinga wetu, tukadhani porojo zitampunguzia mawazo.

Redio ilikuwa imetoka kutangaza kwamba Rais katimiza miaka sabini na miwili.

Balozi: Subirini kwanza. Uchaguzi uliopita si alikuwa na sabini na nne?

Sumaku: Alikuwa nayo. Mwisho wa kugombea ni sabini na tano, tukasema sasa huyu basi.

Balozi: Leo ana sabini na mbili. Mvumilivu hula mbivu. Kavumilia mpaka kawa kijana.

Mimi: Methali hiyo haiendi hapo.

Balozi: Inaenda inapotumwa.

Sumaku: Mtu ana viwanda viwili vya saruji, ana hoteli, ana ndege yake na ya mkewe. Atashindwa kununua miaka?

Mimi: Inauzwa wapi?

Sumaku: Huko nje. Kila mwezi anaenda kikaoni. Kikao gani mtu anarudi na nywele nyeusi kuliko alivyoondoka?

Balozi: Miaka hainunuliwi, inachukuliwa. Angalia waliokufa mtaani kwetu mwaka huu. Fundi cherehani, arobaini na moja. Mke wa msaga unga, thelathini na nane. Kila mmoja kaacha miaka yake hajaitumia. Imekwenda wapi? Haba na haba hujaza kibaba.

Tulitaka kucheka, ikashindikana. Sumaku alikuwa amemzika mdogo wake mwezi uliopita. Alizungusha kikombe mkononi, kahawa ikapoa bila kunywewa.

Mwalimu: Acheni kumpa uchawi mtu asiyeuhitaji. Darasa la nne alishaota ndevu, ananyoa nyuma ya choo kwa wembe wa kuokota. Kanizidi miaka mitatu. Alikuwa kiranja, anashika ufunguo wa stoo ya chakula. Maharage yakipungua yeye ndiye anataja wezi, na wezi siku zote ni watoto asiopatana nao. Kiwanda cha pamba kikamwajiri ukarani, akapewa ufunguo wa ghala. Chama kikampa ufunguo wa ofisi. Rais wa kwanza alipokwenda kutibiwa akamwachia funguo za nchi, na aliporudi akakuta kitasa kingine. Yule hakupanda cheo. Alikuwa anabadilisha makufuli tu.

Sumaku: Na sisi tulikuwa wapi?

Mwalimu: Tunapiga makofi. Mimi niliwapanga watoto barabarani na bendera, kutwa nzima juani. Nilijivuna. Nilimwambia binti yangu, huyo ni mwenzangu, dawati moja. Maneno hayo ndiyo yaliyomponza.

Ni kweli yalimponza. Shule zimeletewa kitabu kipya cha maisha ya Rais. Mwaka wa kuzaliwa wameubadilisha, mwaka wa kuajiriwa wakasahau kuugusa. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza, kumbe Rais alikuwa karani wa kiwanda akiwa na miaka minane? Darasa likacheka, na binti naye akacheka. Akawaambia kitabu kimekosea, Rais ni mkubwa kuliko baba yake, baba yake alisoma naye. Kengele ya mchana haijalia, gari likawa limeshafika.

Hapo akaja kijana mmoja, shati limepigwa pasi, faili la plastiki kwapani.

Mgeni: Shikamooni wazee.

Balozi: Marahaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaa, kahawa ipo.

Alikaa. Alikunywa taratibu, akaisifu kahawa, akauliza bei ya kutengeneza redio ndogo. Kisha akakiweka kikombe chini.

Mgeni: Naomba kuuliza kitu kidogo. Hapa kuna mtu aliyesoma na Rais?

Balozi aliinama kufunga kamba za viatu, na miguuni ana ndala. Sumaku alitazama posta. Mimi nilijua jibu, nikaanza kufungua skrubu za redio isiyo na ubovu. Niliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Mgeni: Nauliza kwa wema. Kuna binti tunaye kule, kawaambia wanafunzi kwamba baba yake alisoma na Rais. Kama ni kweli, basi baba ana ya kutueleza, binti ana ya kujibu, na mambo hayo huchukua muda. Kama baba hakusoma, basi binti alidanganywa tangu utoto. Aliyedanganywa hana kosa. Anarudi nyumbani.

Mwalimu: Anarudi lini?

Mgeni: Leo hii.

Mwalimu: Baba yake ni mimi. Sikusoma.

Mgeni: Hata darasa moja, mzee wangu?

Mwalimu: Hata mlango wa shule siujui.

Mgeni: Lakini nasikia wanakuita Mwalimu.

Balozi: Utani wa kijiweni, mkubwa. Mimi wananiita Balozi, na ubalozi sijawahi kuuona hata geti lake.

Mgeni: Vizuri. Na Rais ana miaka mingapi, mzee?

Mwalimu: Kama redio ilivyosema.

Mgeni akafungua faili. Karatasi ilikuwa imeshachapwa, na majina matatu ya Mwalimu yako pale juu, hayana kosa hata la herufi. Kumbe alikuja anajua kila kitu. Mkono wa Mwalimu ulipanda kwenye mfuko wa shati, kwenye kalamu, ukasita, ukateremka. Mgeni akamsogezea kidau cha wino wa bluu. Mzee aliyefundisha miaka thelathini na mmoja akaweka dole gumba.

Mgeni: Anatakiwa pia shahidi anayejua kusoma, amsomee mzee asikie alichokubali.

Wote wakanitazama mimi. Niliishika ile karatasi nikasoma kwa sauti, na katikati nikakwama kwenye neno refu la kisheria. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kusoma nikiwa na miaka saba, na maisha yake yote hakuweza kumwacha mtu akosee silabi. Safari hii alitazama chini, akanisubiri. Nikaliruka neno, nikamaliza, nikatia sahihi.

Binti alirudi saa kumi na moja jioni, na mama yake akanyamaza. Sharti lilikuwa moja tu. Jumatatu alisimama mbele ya darasa akawaambia watoto kwamba Rais ana miaka sabini na miwili, na kwamba baba yake hajui kusoma wala kuandika. Nusu ya watoto wale wazazi wao walifundishwa na Mwalimu. Hakuna aliyenyoosha mkono.