Matairi Sitini Mabichi

Sogezeni viti, wanangu, msinilazimishe kupaza sauti, kwa sababu pumzi niliyobakiwa nayo nimeipima asubuhi hii nikaona inatosha jambo moja tu. Iordanis, funga mlango wa roshani, mngurumo wa mashine unanimeza maneno. Evanthia, kaa hapo penye mwanga nikuone. Huyu wakili Zisis mnamjua. Ataandika kila neno litakalonitoka, na nawaomba msimkatize hata likiwa neno la kuwachoma.

Mali nitaitaja upesi. Nyumba hii ni ya Evanthia, najua hutaitaka, lakini ilikuwa nyumba ya mama yako kabla ya kuwa yangu. Shamba la mizeituni kule Agria mtagawana. Kiwanda nitakifikia, maana kiwanda hakisemeki peke yake, kina mtu ndani yake.

Mnajua nilizaliwa Aivali, ng'ambo ya bahari, na kwamba nilifika hapa Volos nikiwa na miaka kumi na miwili, mkono mmoja nimeshika sketi ya mama, mwingine nimeshika sufuria, na baba tulimwacha kule bila hata kaburi la kumlilia. Mnajua tulilazwa ghala la tumbaku, familia thelathini chini ya paa moja, blanketi ndiyo kuta, na wenyeji wakituita mbegu za Waturuki huku tukipiga ishara ya msalaba mbele ya macho yao. Msichojua, kwa sababu sikupenda kukisema, ni kwamba nyuma ya blanketi letu alilala kijana wa rika langu aliyenigawia mkate wake siku mama alipokuwa na homa. Ndiye Prodromos Tsakiris.

Iordanis, usigeuze uso. Sikiliza.

Tulikua pamoja kama kidole na kucha. Tuliokota matairi ya malori yaliyochakaa tukakata makatambuga, yeye akikata, mimi nikiuza, na nusu ya wachimba mawe wa mji huu walitembea juu ya kazi ya kisu chake. Vita vilipokwisha, malori yakabaki na matairi vipara, mapya hayapatikani kwa dawa, nasi tukanunua boila kuukuu la kiwanda cha sabuni tukaanza kuvisha vile vipara sura mpya. Nani alijua kiasi cha unga wa kiberiti na cha masizi ya kuchanganya na mpira? Si mimi. Ni yeye, aliyekuwa akiutafuna mpira mbichi na kuutema kama mpishi anayeonja uji wa trahana, halafu ananiambia, “Bado kidogo, Fundi. Huu una hasira, utapasuka.” Na hasemi kitu kikawa kingine.

Mwaka hamsini na moja tulipotoa tairi letu la kwanza jipya kabisa, nilimuuliza kama jina lake nalo liandikwe langoni. Akacheka. “Weka lako bwana, refu, linajaza ubao. Mimi niachie kalibu zangu za kupikia matairi.” Nami nikayashika maneno ya mzaha kana kwamba ni hati. Mtu akikupa kwa kucheka, wanangu, mwulize tena akiwa hacheki.

Sasa naingia pale penye miiba.

Ilikuwa Novemba ya mwaka sitini na mbili. Wewe Iordanis ulikuwa jeshini, mpakani. Tajiri mmoja wa malori kutoka Larisa aliagiza matairi sitini kabla ya mwezi kuisha, na aliapa asipoyapata atakwenda kwa wengine na asirudi. Boila likapata ufa. Mvuke ukawa dhaifu, na tairi la lori lililotaka dakika hamsini na tano ndani ya kalibu sasa lilitaka zaidi ya saa nzima. Nikapiga hesabu ya siku, hazikutosha. Nikashuka chini nikaamuru kalibu zifunguliwe kwa dakika thelathini na nane.

Prodromos alitoa moja, akalibonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

“Fundi, haya mabichi. Ndani ni unga.”

“Yataiva barabarani.”

“Barabarani kuna watu.”

“Na hapa kuna watu mia na ishirini wanaokula kwangu. Wewe ni nani hata unifundishe? Mvuke wa humu ni wangu!”

Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Kisha akawatazama vijana wa zamu yake, akaivaa tena. Aliogopa nikimfukuza nitawawekea msimamizi asiyejua kitu, nao waungue. Akafungua kalibu. Mkate ule aliowahi kunigawia nilimlipa siku hiyo.

Wiki tatu baadaye Stergios Valvis wa Zagora aliteremka mlima na lori lake limejaa matofaa, mkewe Lenio kakaa pembeni yake, anakuja mjini kununua kitambaa cha harusi ya binti yao. Tairi la mbele la kushoto, mojawapo ya yale sitini, aliyouziwa na yule tajiri wa Larisa, likapasuka kwenye kona ya tatu chini ya vilele. Waliokwenda kuwatoa bondeni walisema matofaa yalikuwa yametapakaa mteremko mzima, mekundu, na watoto wa kijiji hakuna aliyethubutu kuokota hata moja. Na lile tairi, wanangu, tabaka zake zilibanduka kwa mkono kama ganda la kitunguu.

Serikali ikatuma mkaguzi. Kabla hajafika nilipanda juu ofisini, na hapa Evanthia unajua ninachotaka kusema, na ndugu yako hajui, na mama yenu alikufa hajui.

Kitabu cha kalibu alikishika Evanthia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwandiko wake mzuri kuliko wa karani yeyote. Kila tairi na dakika zake. Na penye matairi yale sitini alikuwa ameandika, kwa uaminifu wake: thelathini na nane, kwa amri ya Baba. Niliuchana ukurasa. Nikamwambia aandike mwingine: thelathini na nane, zamu ya Tsakiris, mwenye kiwanda hayupo. Akasema, “Baba, si kweli.” Nikasema, “Unataka baba yako afie gerezani?” Akasema tena, taratibu, “Si kweli, Baba.” Nikafunga mlango kwa ufunguo nikakaa mbele yake, na sikuondoka mpaka akaandika. Saa mbili nzima. Machozi yake yalidondokea wino, tukalazimika kuurudia ukurasa mara mbili.

Ndiyo, Iordanis. Dada yako. Kwa amri yangu. Kaa chini.

Mahakamani nilisimama nikapanga maneno. Prodromos hakujitetea sana. Alipoonyeshwa kitabu aliutazama ule mwandiko, akamtazama binti yangu aliyeketi safu ya pili, na akaliambia jopo la majaji, “Kama kitabu kinasema hivyo, basi.” Alimlinda. Mimi baba mzazi nilimtumbukiza, naye asiye damu yake akamlinda. Wakampa miaka mitatu. Mkewe Sultana alifariki yeye akiwa ndani, wakamruhusu saa mbili za kumzika, na pingu mkononi. Nilituma shada la maua kubwa kuliko yote. Alilibeba akalitoa nje, akaliegemeza kwenye ukuta wa makaburi, pole pole, kama mtu anayerudisha mzigo ulioletwa nyumba isiyo yake.

Wewe, mwanangu, ulirudi toka jeshini ukasikia kuwa rafiki wa baba yako ameua watu na kulitia doa jina letu, na siku alipotoka gerezani ulimtemea mate sokoni mbele ya wauza samaki. Nilikuwa nyuma yako hatua nne. Nilikuona. Sikusema kitu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wamesema wazee, na mimi wangu nilimtwika mwenzangu, halafu nikasimama kumtazama ukimvunja mgongo.

Na wewe binti yangu ulikwenda kufundisha Trikala, mbali na moshi wangu. Kila Pasaka unakuja kwa heshima ya mama yako, unagonganisha yai jekundu na kila aliye mezani, kama ilivyo desturi yetu, likifika langu unaliweka lako chini. Watu walidhani ni kiburi cha msomi. Sikuwasahihisha.

Mtauliza, kwa nini leo? Msidhani ni ushujaa. Majuto ni mjukuu, na mimi nimemlea mjukuu huyo miaka kumi na tisa, ningeweza kumlea mpaka kaburini. Lakini daktari aliponionyesha picha ya mapafu, meusi kama kalibu, nilipata wazo lililonitisha kuliko kifo: nikifa kimya, anayebaki kuijua siri hii ni Prodromos, ambaye haisemi, na Evanthia. Dhambi yangu ingekuwa urithi wako, mama. Hapana. Mrithi nyumba, mrithi mizeituni. Hiyo nakwenda nayo.

Unasema nini, Iordanis? Sema kwa sauti... Kwamba tutafunga? Kwamba maadui watafurahi, wateja watakimbia, na watu mia tatu watakula nini? Hayo ndiyo maneno yangu mwenyewe, mwanangu, ya Novemba ile, neno kwa neno. Umeyapata wapi? Sikukufundisha, umeyanywa tu. Yateme. Pika matairi dakika zake zote, na anayetaka kwenda aende.

Nipeni maji.

Haya. Jana nilikutuma kwa Prodromos, Iordanis, ukamwombe aje, nimwombe radhi ana kwa ana. Ulirudi, ukasema hakuwepo. Hukunidanganya vizuri, na mwongo hujuana na mwongo. Alisema nini? ... Sema tu, mimi si yai.

Aa.

Zisis, andika na hilo, ili lisipotee. Amesema: “Mwambie siji. Nikimwona kitandani nitamhurumia, na nikimhurumia nitamsamehe. Sultana hakunipa ruhusa hiyo.”

... Niacheni kidogo.

Ana haki. Nilitaka hata msamaha wake niubebe kama nilivyobeba jina langoni. Asije. Tutafanya bila yeye kuja.

Basi sikilizeni maagizo, maana naishiwa. Karatasi hii iende mahakamani, na iende kwa magazeti. Nusu ya kiwanda iandikwe kwa jina la Prodromos Tsakiris. Akikataa ibaki kwa jina lake hivyo hivyo, akitaka aiache ipate kutu. Nusu ya pili ni yako, Iordanis, lakini si kabla hujapanda Zagora. Utakwenda kwa yule binti wa Stergios, ambaye harusi yake iligeuka kuwa arobaini ya wazazi wake. Usimpelekee fedha mkononi kama unayenunua matofaa. Simama uani, vua kofia, umsomee haya mpaka mwisho. Akikufukuza, ondoka. Akikuuliza swali, jibu. Kisha ushuke hadi kwa Prodromos, na mate yale unajua mwenyewe cha kuyafanyia.

Jina langu mlitoe langoni. Siku ya maziko king'ora kisipigwe wala mashine zisizimwe; kalibu ikifungwa isifunguliwe kwa ajili ya maiti. Nizikeni kwa Marigo, mama yenu, kama... kama mnaona atakubali.

Zisis, nisomee pale pa matairi. ... Hapana. Hapana, bwana. Umeandika “yalitolewa kabla ya wakati.” Na nani? Matairi hayana miguu. Andika: niliyatoa. Na pale pa ukurasa, usiandike “uliandikwa upya.” Andika: nilimlazimisha. Haya, lete kalamu. Mtanisamehe mwandiko... umekwenda upande. Inasomeka? Inatosha.

Iordanis, Mungu akupe moyo mzito wa kuamuru na mwepesi wa kusikia. Akupe watu watakaokuambia hapana, nawe uwaweke karibu.

Evanthia. Mikono yako... Mungu aibariki mikono yako, na watoto wote iliowafundisha kuandika. Hukufanya kosa lolote. Umesikia? Ndugu yako amesikia, wakili amesikia. Usilie, mama... au lia, lia tu, mlango hauna ufunguo leo.

Fungueni roshani. Nimechoka. Amani... amani iwe juu yenu nyote wawili, na juu ya nyumba ya Tsakiris. Ya kwake... Zisis, ya kwake itangulie kuandikwa.