Sumaku ya Mzee Wenceslaus

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, fundi wa maabara yetu ya fizikia, Mzee Wenceslaus Mseti, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Kuanzia Julai mosi, atakayepoteza skrubu aitafute mwenyewe.

Alianza mwaka 1991 katika shule moja ya sekondari Bunda, akahamia chuoni kwetu Butiama mwaka 2014. Ni mtu wa mpangilio hadi anakera. Ukiacha koleo mezani, ukirudi unakuta limeshahamishwa.

Mpangilio huo nusura umponze Bhoke, mwanafunzi wetu wa uzamili. Alikuwa akipima mwanga wa utando wa semikondakta ya ogania, iliyotengenezwa kwa kaboni badala ya silikoni. Utando ukimulikwa, chembe zake husisimka. Zikikutana mbili zilizosisimka, spini zao, yaani usumaku mdogo uliomo ndani ya kila moja, huamua kama mwanga utatoka. Tatizo ni kwamba kila siku baada ya chai ya saa nne mwanga ulipungua kwa asilimia tatu. Tulilaumu umeme, tukalaumu joto. Mwezi wa nne mwaka jana msimamizi wake akaitisha kikao: Bhoke aeleze tofauti hiyo au aanze upya, na muda wake wa masomo ulikuwa unaisha.

Kwenye kikao, aliposikia habari ya chai, Mzee Wenceslaus aliinua mkono. Kila siku saa nne alikusanya skrubu zote, akazinasisha kwenye sumaku ya spika mbovu ya kwaya ya Nyegina, kisha akaisukumia chini ya kisanduku cha kupimia hadi jioni.

"Mimi nilikuwaga naiweka hapo kila siku, nikajua nasafisha," alisema. Alijua anaweza kuandikiwa barua ya onyo akiwa mlangoni mwa kustaafu.

Tukajaribu palepale. Sumaku ikiwekwa, mwanga unashuka; ikiondolewa, unapanda. Spini zilikuwa zikiisikia sumaku ya kwaya, na data tuliyotaka kuitupa ndiyo ikawa ugunduzi wa tasnifu. Barua ya onyo haikuandikwa.

Bhoke alihitimu Novemba iliyopita. Makala yake ina waandishi wawili, wa pili ni Wenceslaus Mseti, na mkewe, mama Selestina, ameibandika sebuleni kwao Bweri.

Mzee wetu, ungeweza kuichukua sumaku yako kimyakimya, na Bhoke angerudi kwao bila shahada. Tunakupenda kwa kuwa ulisema. Asante, na Mungu akujalie afya na miaka mingi ya kuamka utakapo.

Dorotea, kwa niaba ya wafanyakazi wa maabara