Marilza Gurski na Rekebisho la Juni

Marehemu Marilza Gurski alizaliwa tarehe 3 Machi 1968 huko Araucária, Paraná, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Estanislau na Mama Leocádia, wakulima wa viazi, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha akahitimu uhandisi wa kompyuta mjini Curitiba mwaka 1991.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na Osmar Pacheco, mwokaji mikate, wakajaliwa watoto wawili, Débora na Caio.

Tangu mwaka 2006 alikuwa mmoja wa watunzaji wa kiini cha mfumo endeshi unaotumiwa bure duniani kote. Kompyuta moja kubwa hubeba wapangaji wengi, yaani mashine pepe, kila mmoja akijiona yuko peke yake, na kazi ya Marilza ilikuwa kuhakikisha kwamba prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikitoka kwa mpangaji mmoja kwenda kwa mwingine, hesabu za yule wa kwanza zinahifadhiwa zote, na kila mpangaji anapewa uwezo alioruhusiwa tu. Barua zake za kukagua kazi za wenzake ziliwatoa jasho.

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Miezi hiyo hiyo mashine pepe zilianza kuzimika zikihamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na lawama zikamwangukia mtunzaji mwenzake, Anselmo Frota wa Recife, aliyekuwa wa mwisho kugusa sehemu ya kiini inayohifadhi hesabu hizo, hata akaandika barua ya kuacha kazi. Marilza, akiwa kitandani, alifuatilia mabadiliko mwaka hadi mwaka kurudi nyuma, akalikuta kosa kwenye mstari alioandika mwenyewe tarehe 14 Mei 2012: nafasi ya kuhifadhi aliipima kwa uwezo wa kompyuta, si kwa ule alioruhusiwa mpangaji, hivyo zilipoingia kompyuta mpya zenye uwezo tofauti, vipimo havikulingana na mpangaji aliyehamishwa akazimika.

Kwa desturi yao, rekebisho lazima litaje badiliko lililoleta kosa na jina la aliyeliandika. Osmar alimwambia, "Mama Débora, pumzika basi, nani atakulaumu na hali hii?" Akajibu, "Hakuna, ndiyo maana wanamlaumu Anselmo. Hebu nipe miwani, na hiyo supu kunywa mwenyewe, mimi sijawa maiti bado."

Rekebisho lilipokelewa Jumapili tarehe 9 Juni 2024, likimtaja yeye kuwa mwenye kosa na yeye kuwa mrekebishaji. Alifariki Jumanne, tarehe 11, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa kazini, akiwemo Anselmo, aliyelijaribu rekebisho hilo siku nne mfululizo, na ambaye bado yuko kazini.

Marilza, kazi yako imepokelewa, sasa pumzika kwa amani.