Kila Mgeni na Kikombe Chake

Wapendwa, mimi si mtu wa kupaza sauti, kwa hiyo mlioko nyuma sogeeni. Wengi wenu mmevaa nguo nilizoshona, na mlipokuja kuniona nikiwa mgonjwa mlinikuta katika hali ambayo sina haja ya kuipamba. Nitaisema ilivyokuwa. Majina nayaacha.

Ini langu lina makovu. Ni virusi vya homa ya ini, vilikaa ndani miaka mingi bila mimi kujua. Nilikonda mpaka suruali zangu mwenyewe nikazipunguza kiuno. Nilipewa dawa hospitalini, nikarudi hapa Nyalenda, nikaendelea na cherehani polepole.

Ndipo shemeji yangu, ambaye huenda kuinua vyuma kule Milimani, akaniletea mkebe mkubwa wa unga mweupe. Uliandikwa glutamini.

"Fundi, hii ndiyo inajenga misuli," akasema. "Si unaniona mimi?"

Nilimwona. Mkono wake ulitoshana na paja langu, basi nikaamini.

Lakini ndugu zangu, nawaambia, shemeji hakuwa peke yake. Mnajua kwetu mtu haji kumwona mgonjwa akaondoka bila kumwona akila. Utasikia, "Kunywa hata kidogo, Baba, niende na amani." Mkebe ulikuwa mezani, chupa ya uji kando yake. Kila aliyeingia alinikorogea kikombe chake, akakaa kwenye kochi, akanitazama hadi tone la mwisho. Asubuhi majirani, mchana akina mama, jioni kwaya. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake alishakoroga, na mimi niliona haya kukataa.

Kwanza usingizi uligeuka. Mchana nalala juu ya cherehani, usiku macho yanabaki wazi. Halafu mikono. Nikiinyoosha nitie uzi kwenye sindano, viganja vinaanguka, vinainuka, vinaanguka tena. Joho moja la kwaya nilishona mkono wake kwenye shingo, nikalikunja vizuri, nikalipeleka. Mwishowe nikamwita mke wangu kwa jina la dada yangu aliyekufa. Aliitika, lakini uso wake ulibadilika. Niliogopa, jameni. Nilijua napotea, na bado nimekaa palepale kwenye kiti changu.

Jina la marehemu ndilo lililomaliza maneno. Ikasemekana ni pepo, dada ananiita, na ikapangwa nipelekwe Sondu kwa maombi. Waliokuja kunichukua walipoingia, mmoja alianza kunikorogea uji wa safari. Mke wangu akamshika mkono.

"Mama, wacha. Mkebe wa kwanza ulipoisha, huyu alinijua jina. Umeletwa wa pili, amepotea tena. Mimi nataka hospitali kwanza."

Walitazamana. Nilitazama vidole vyangu. Halafu kiongozi wa maombi akasema, "Kama ni pepo, atangoja. Gari si liko nje? Twende hospitali."

Daktari aliniambia ninyooshe mikono kama mtu anayesimamisha gari. Viganja vikapigapiga. Akauliza nakula nini, na mke wangu akauweka mkebe mbele yake.

Maelezo niliyapata baadaye, baada ya dawa tamu ya maji iliyonikimbiza chooni na kunirudishia akili. Glutamini si sumu. Misuli yetu huitengeneza yenyewe, utumbo huitumia kama chakula, na chembe za damu zinazopigana na magonjwa huihitaji. Wako wagonjwa wa selimundu ambao madaktari huwapa. Lakini ikitumika tumboni huacha amonia, taka yenye sumu, na kazi ya kuisafisha ni ya ini. Ini langu lilishindwa, amonia ikapanda kichwani. Na ubongo, ukijitahidi kuipunguza, huigeuza kuwa glutamini ileile, nayo ikizidi humo ndani huuvimbisha. Nikauliza kama samaki pia niache, maana naye hujenga misuli. Daktari akacheka: "Kula, Mzee. Kidogo kidogo, mara nyingi. Unga ndio uache."

Namshukuru mke wangu, kwa mkono ule alioushika. Namshukuru aliyesema pepo atangoja. Nawashukuru kwaya, mlioimba na majoho ya zamani bila kunung'unika. Shemeji naye nampenda, na yuko humu ndani, kwa hiyo msianze kugeuka kumtafuta.

Tazameni viganja vyangu. Vimetulia. Jana nilitia uzi kwenye sindano kwa jaribio moja tu, nikakaa nikaiangalia ile sindano, machozi yakanitoka.

Ombi langu ni hili. Mkienda kwa mgonjwa, kabla hamjashika kijiko, ulizeni daktari alisema nini. Na mimi nikilala tena, njooni. Njooni mikono mitupu, mkae. Mniite jina langu, mngoje niitike.