Kitufe cha Manjano cha Bibi Kokubanza

Gari la Muleba lilikuwa linaondoka stendi ya Bukoba pale mzee mwenye suti aliporukia ndani. Alikaa kando ya Judica, binti mtengeneza programu za simu, akaiinamia simu ya binti huyo kana kwamba ni mali ya ukoo. "Kumbe ni programu ya chama chetu cha kuzikana! Mimi Byarugaba, mwenyekiti. Leo kamati yetu inaipigia kura."

Judica alifurahi. Akamwonyesha vitufe kwenye sehemu ya chini ya kioo: habari za msiba, mchango wa kuni, mchango wa ndizi. Vyote viliwaka manjano.

"Manjano? Mtu amekufa, wewe unatangaza harusi! Weka nyeusi, binti."

"Lakini sehemu hiyo yote ni nyeusi, tata," alisema Judica, akimwita baba kwa Kihaya. "Vitufe havitaonekana."

"Msiba hautaki mapambo," alisema mzee, akinyoosha tai yake nyekundu.

"Nilimwahidi bibi yangu Kokubanza, waitu," Judica alimsihi kwa adabu. "Macho yake yamefifia, manjano ndiyo anayoiona. Juzi jirani yake alizikwa bila yeye kujua."

"Yumo kwenye kamati?"

"Ni mwanachama tu."

"Basi hana kura. Mimi ninayo, na wenzangu hunifuata. Ni nyeusi, au tuchukue programu ya yule kijana wa Kashozi anayeshindana nawe."

Gari likasimama Muleba. Judica alifungua sehemu ya rangi, akagusa nyeusi. Vitufe vyote vikatoweka.

"Umeona?" mzee akasema kwa furaha. "Sasa ina heshima."

Judica akarudisha manjano aliyomwahidi bibi yake, akahifadhi ingawa alijua huenda akakosa kura, kisha akampisha mwenyekiti atangulie kushuka.