Jina Lililogeuka Bluu

Benchi yetu iko hapa Kiamunyi, kando ya cyber, na tangu Jumanne kahawa yake hainyweki. Mama Jepkorir, aliyetupikia miaka yote, alituacha. Anazikwa kesho. Leo Abdirahman, tunayemwita Injinia, ameipika mwenyewe, tangawizi imezidi, na hakuna mwenye roho ya kulalamika. Tena picha za marehemu zimeibiwa, na kila mtu anamwangalia Oduor, katibu wa kamati ya mazishi.

— Mimi sikutuma link yoyote! Oduor akasema. Niliandikia tu binti ya marehemu kwa group: Jepkorir, picha zifunge pamoja, uziite picha-za-mama.zip, unitumie. Hiyo si ni jina ya faili?

— Na ikageuka bluu, ikawa link, nikamwambia.

— Simu ndio iligeuza! Naskia vibaya, wazee. Sijalala.

— Siku hizi zip pia ni mwisho wa jina la tovuti, kama vile com, nikamweleza. Kuna mwizi alinunua hiyo jina akatulia kungoja. Msichana akafinya, akaulizwa email na password ya mamake, akaweka. Asubuhi akaunti haifunguki. Na simu ya mama ilikuwa imejaa, picha zote zilikaa huko kwa akaunti.

— Ngoja kwanza, akaingilia Kiarie. Kiarie tunamwita Antena, kwa sababu hushika kila kitu hewani. Nani anaweza kungojea matanga ya Kiamunyi? Huyo ni mtu wa karibu. Ni wa Milimani, kule kwa matajiri.

— Milimani wanataka nini na mama wa kahawa? nikauliza.

— Sura! Sura ya marehemu haina mwenyewe. Inauzwa ng'ambo, inapewa jina mpya, inafungua akaunti ya benki.

— Wacha benki, Injinia akasema. Hiyo itapiga kura.

— Itasimama kiti, bana! Antena akadakia. Na itashinda!

Hakuna aliyecheka. Jepkorir alikuwa amefika, leso kiunoni, macho yamevimba. Tukamsongea, lakini hakukaa.

— Wazee, jamaa wa kuprint programme ya mazishi ananingoja hapo ndani. Kuna mtu ako na picha ya mama? Hata moja tu.

Kila mtu akatoa simu. Tulitafuta mpaka kahawa ikapoa. Picha za benchi zilikuwa tele: Antena na kikombe, Injinia akibishana, Oduor amefumba macho, sote tunacheka. Mama Jepkorir hakuwa kwa hata moja.

Ni yeye tulikuwa tunampatia simu atupige picha.